Siku 10 niliitwa jina la mdogo wangu: kisa cha kigugumizi cha miaka 33

Nianze na siku yenyewe. Nilikuwa na miaka 37, kozi ya kikazi ya wiki 2, tumekaa duara watu 14 na hakuna anayemjua mwenzake, mwezeshaji akasema jamani tujitambulishe, jina na kazi unayofanya, tuanzie kulia. Mi nilikuwa wa sita. Mwenye kigugumizi anaijua hiyo hesabu, unahesabu waliobaki kabla yako, husikii hata kimoja wanachosema, moyo unadunda mpaka masikioni, na jina lako unalijaribu kimyakimya ndani ya mdomo na unaona kabisa kwamba leo halitoki. Langu linaanza na B. Zamu ikafika, nikafunga midomo kwa ajili ya hiyo B na midomo ikagoma kufunguka, sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu wakaanza kuinua macho, na hapo ndo nikasikia sauti yangu mwenyewe inataja jina la mdogo wangu. Lilitoka laini kabisa. Linaanza na S, na S haijawahi kunisumbua.

Siku zote 10 za kozi niliitwa hilo jina. Naitika, natumwa, natambulishwa kwa wageni kwa hilo jina. Siku ya mwisho wakawa wanasoma majina ya vyeti, likasomwa langu la kweli, watu wakageuka huku na huku wanamtafuta huyo mtu ni nani, mi nikanyanyuka nikaenda kuchukua. Dada aliyekaa jirani yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, we si S fulani? Nikamwambia hilo ni la nyumbani. Uongo juu ya uongo, na uso unawaka.

Wiki 3 baadae mdogo wangu akanipigia. "Kaka, kuna mtu kanitumia meseji anasema tulikuwa wote kwenye kozi, ananiuliza nilifika salama." Ikabidi nimweleze, na kumweleza kwenyewe nilikwama karibu kila neno kwa sababu ya aibu. Alinyamaza mda mrefu, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Mi nilidhani ulipona zamani."

Kisa chote kipo kwenye hiyo sentensi. Huyu ni mtu tuliyelelewa nyumba moja na tulilala chumba kimoja, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa anaamini kaka yake kigugumizi kiliisha. Sikuwa nimepona. Nilikuwa nimejificha vizuri, na nilijificha vizuri kiasi kwamba hata mimi nilikuwa nakihesabu kama kupona.

Niwaeleze kujificha kunafanyikaje, maana wengi wanafikiri kigugumizi ni yule mtu anayerudiarudia "na-na-na" mbele yako. Wapo wa hivyo, na kuna wanaovuta sauti, "sssssasa", na kuna kukwama kabisa, mdomo upo tayari ila sauti hamna. Mimi ni wa kukwama. Halafu kuna sisi tunaokwama ila hutuoni tukikwama, kwa sababu tunaliona neno bovu linakuja kabla halijafika na tunalikwepa. Pesa ikigoma nasema hela, hela ikigoma nasema fedha. "Kwa sababu" ikigoma nasema maana, au kwani. "Barabara" nasema njia. Kiswahili kimejaa visawe na mi nilikuwa navijua vyote, watu walinisifia kwamba nina maneno mengi, na kila waliponisifia niliumia kwa sababu nilijua ule msamiati niliujenga kwa ajili ya kukimbia. Nikishindwa kukwepa naanza na "yaani", au najifanya nafikiria, au nakohoa, au namwachia mwenzangu aongee. Kuna kazi moja niliikubali huku moyoni nimeshaikataa, kisa "ndio" ilitoka na "hapana" ikakwama kwenye h. Niliifanya miaka 2.

Sasa jina halina kisawe. Ndo maana watu wengi wenye kigugumizi watakwambia neno gumu kuliko yote ni jina lao wenyewe. Huwezi kulibadilisha, huwezi kulizunguka, na anayekuuliza anategemea jibu papo hapo maana nani anafikiria jina lake? Kwahiyo mfumo mzima wa kukwepa unafika pale unaishiwa. Siku ile kwenye duara haikuwa bahati mbaya, ilikuwa lazima itokee siku moja.

Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye naye alikuwa na kigugumizi, alikifananisha na mlima wa barafu unaoelea baharini. Kinachosikika na kuonekana ni kile kipande kidogo cha juu, chini ya maji kuna woga, aibu, hatia, na mbinu zote za kukwepa. Kwangu kipande cha juu kilikuwa karibu hakionekani kabisa, na huku chini kilikuwa kinakua kila mwaka.

Kilianza nikiwa na miaka 4, na huo ndo umri wa kawaida, kwa wengi kinaanza kati ya miaka 2 na 5. Watoto wengi kinawaisha chenyewe, zaidi ya nusu kwa mbali, na wanaobaki nacho ukubwani ni kama mtu 1 kwa kila 100, wanaume wengi kuliko wanawake, kama 4 kwa 1. Kinatembea kwenye familia, kwetu baba yake mdogo baba alikuwa nacho. Mwaka 2010 watafiti walitangaza mabadiliko kwenye jeni kadhaa yanayohusiana na kigugumizi cha kifamilia, na picha za ubongo zinaonyesha tofauti kwenye njia za upande wa kushoto zinazounganisha kusikia, kupanga na kutamka. Haya nayaandika kwa ajili ya mzazi anayejilaumu usiku. Mtoto wako hakukipata kwa sababu ulimtisha, wala kwa sababu ulimtekenya, wala kwa sababu alijitazama kwenye kioo akiwa mdogo. Na hakina uhusiano na akili.

Ila namna mtoto anavyopokelewa akikwama, hiyo inajenga kile kipande cha chini ya maji. Mama yangu, na nampenda sana na alifanya alichojua, alikuwa akiniambia, "Tulia, panga maneno, ukiwa tayari ndo uongee." Alitaka kunisaidia. Mi nilichosikia ni kwamba usiongee mpaka uwe na uhakika hutokwama, na uhakika huo haukuja, kwahiyo nikajifunza kunyamaza. Baadae nikaja kusoma kuhusu utafiti wa mwaka 1939 kule Iowa, Marekani, ulioongozwa na Wendell Johnson na kufanywa na mwanafunzi wake Mary Tudor kwa watoto 22 wa kituo cha yatima. Baadhi yao waliambiwa wanaongea vibaya, wajirekebishe, wasiongee mpaka waweze kuongea sawasawa. Hawakugeuka kuwa na kigugumizi kama watu wanavyosimulia, kilichotokea ni kwamba baadhi yao walianza kusita, kuona aibu, kuongea kidogo. Chuo kikuu kile kiliomba radhi hadharani mwaka 2001. Niliposoma ile sentensi ya "wasiongee mpaka waweze" nilifunga simu nikakaa, maana niliijua kwa sauti ya mama.

Kabla ya ile kozi nilishajaribu vitu. Kupumua kwa kina kabla ya neno, nikajikuta nina kukwama kulekule ila sasa na mapafu yamejaa. Kuongea polepole kwa kuvuta kila silabi, niliiga kwenye video, nikiwa peke yangu chumbani natiririka kama maji, nikishika simu tu hamna kitu. Sikujua wakati ule kwamba karibu wote wenye kigugumizi wakiwa peke yao wanaongea vizuri, na wakiimba, na wakisoma kwa pamoja na mwenzao. Kwahiyo ule "ushindi" wa chumbani haukuwa unapima chochote. Kuna mtu aliniuzia vidonge pia, nikavimeza mwezi mzima. Jamani, hamna dawa iliyoidhinishwa rasmi kwa ajili ya kigugumizi, anayekwambia anayo anakuibia, na anamwibia mtu ambaye hata kulalamika kwa simu anashindwa. Hili linaniuma sana. Na si la leo, mwaka 1841 daktari bingwa wa upasuaji wa Ujerumani, Johann Dieffenbach, alikuwa anakata ndimi za watu akiamini tatizo lipo pale.

Baada ya ile simu ya mdogo wangu nikatafuta mtaalamu wa matatizo ya usemi. Nikampata mama mmoja mtu mzima, mi namwita mama, yeye ananiita mwanangu. Siku ya kwanza nikaongea dakika 20 bila kukwama hata mara moja, nakwepa tu kama kawaida yangu, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwanangu, sijakisikia hicho kigugumizi. Hebu niambie jina lako."

Nikakwama. Macho nikayafumba, mkono ukapiga paja, shingo ikavuta upande. Lilipotoka nilikuwa nimelowa jasho. Akaniuliza nadhani imechukua mda gani, nikasema kama dakika. Alikuwa ameangalia saa. "Sekunde saba."

Hiyo ilikuwa dawa ya kwanza kwangu, kujua kwamba kitu ninachokikimbia maisha yangu yote kina urefu wa sekunde 7. Ya pili ilikuwa kazi ya nyumbani, niandike kila neno nililolikwepa kwa siku moja. Nilifikiri ni matano sita. Yalikuwa 43.

Halafu akanieleza kitu ambacho nilikataa kwa wiki 2 nzima, kwamba hatutaanza na kuongea vizuri, tutaanza na kukwama waziwazi. Nikwame kwa makusudi, kwenye maneno ambayo hata hayanisumbui, mbele ya watu, huku namtazama mtu machoni. Nilimwambia mama, mi nimekuja kuondoa hiki kitu we unaniambia nikiongeze? Akanijibu kwamba unayemkimbia huwezi kumjua urefu. Nikafanya. Mara ya kwanza mikono ilitetemeka, nilimuuliza mtu asiyenijua saa ngapi, "sa-sa-saa ngapi", akatazama saa akanijibu akaendelea na safari yake. Basi. Nilisimama pale kama nimepigwa na butwaa kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kikubwa.

Sambamba na hilo, kusema mapema. "Kabla sijaanza, nina kigugumizi, nikikwama nivumilie nitamaliza." Angalia hilo neno lenyewe lilivyo, ki-gu-gu, limejengwa kwa kujirudia. Miaka 33 sikuwahi kulitamka kuhusu mimi. Mara ya kwanza kulitamka kikaoni nilikwama kwenye g ya kwanza, na kwa mara ya kwanza kukwama hakukuwa siri, kulikuwa maelezo. Bosi wangu akasema, "Sawa, endelea, tupo." Nikaendelea. Na ajabu yake, ukishasema, presha ya kuficha inashuka, na presha ikishuka kukwama nako kunapungua. Sio kwamba ukisema kinaisha, ila ule mzigo wa pili uliokuwa juu ya kigugumizi unautua.

Mbinu za mdomo zilikuja baada ya hapo, na hizi zinatoka kwa Charles Van Riper, Mmarekani mwingine mwenye kigugumizi aliyefanya kazi hii maisha yake yote. Mpangilio wake ndo nilioupenda, unaanza nyuma kwenda mbele. Kwanza unajifunza cha kufanya baada ya kukwama: limalize neno, nyamaza kidogo, lirudie kwa ulaini, usikimbie. Ukishazoea unajifunza cha kufanya ukiwa ndani ya kukwama. Mwisho kabisa ndo unajifunza kuliingia neno unalolihofia kwa utaratibu toka mwanzo. Wengi, na mimi nikiwemo zamani, tunataka ya mwisho iwe ya kwanza.

Hiyo ya katikati ndo iliyonibadilisha. Kwenye B yangu midomo inabana, koo nalo linabana, hewa inasukuma kutoka chini, na mwili wote unataka kufanya mambo mawili tu, kusukuma zaidi au kuacha neno. Ukisukuma unaongeza kufuli. Ukiacha, ubongo unajifunza kwamba kweli pale palikuwa na hatari. Yule mama mtaalamu akanifundisha la tatu, kubaki palepale. Usirudi nyuma, usisukume, tafuta ni wapi pamebana, halafu legeza polepole mpaka mtetemo wa sauti uanze wenyewe chini ya midomo, "mmmb-baa". Inachukua sekunde 2 au 3. Watu wataona, ndio. Ila neno limetoka na ni neno nililolitaka, na jina lililotoka ni la kwangu.

Nikapewa zoezi la simu, simu 5 kila siku kwa watu nisiowajua, ofisi tu, nianze kwa kutaja jina langu halafu niulize wanafungua saa ngapi. Nina daftari la hizo simu mpaka leo. Siku ya kwanza wawili walikata, walidhani mtandao mbovu, "haloo, haloo, sikusikii". Mmoja akacheka. Mmoja akanimalizia jina, na akakosea, akanipa jina jingine la B. Zamani hapo ningeitikia lile lake nikashukuru. Nikasema hapana, na h ikakwama kidogo, nikaanza upya mpaka likatoka langu. Hiyo simu nimeichorea mstari chini.

Mwezi wa tano nikaanguka, na sehemu hii naomba mwenye kigugumizi aisome taratibu. Nilipata wiki 4 nzuri ajabu, naongea tu, hakuna kukwama, nikampigia mdogo wangu nikamwambia sasa nimepona kweli. Na toka siku niliyosema hivyo nikaanza kukilinda kile kipindi. Niliacha kukwama kwa makusudi maana nilisema ya nini tena. Niliacha kuwaambia watu wapya. Siku moja kikaoni nikaona neno bovu linakuja nikalikwepa, moja tu, nikajiambia ni moja tu. Ndani ya siku 10 nilikuwa nimerudi kwenye hela na fedha na yaani, na kukwama kukarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Nilirudi kwa yule mama mtaalamu nimevunjika moyo. Akaniuliza swali moja, "Ulilikwepa lini neno la kwanza?" Sio ulikwama lini. Nilijua siku na saa.

Toka hapo nikaacha kuhesabu mara ngapi nimekwama kwa siku, nahesabu mara ngapi nimekwepa. Hiyo ndo hukumu yangu ya kisa hiki chote, kwamba nilikuwa napima kitu kisicho sahihi kwa miaka 33. Kwa kipimo cha kukwama, kijana wa miaka 20 niliyekuwa nakaa kimya darasani nilikuwa mzima kabisa. Watu wanapenda kusimulia habari za mfalme George wa Sita wa Uingereza kama mtu aliyeponywa kigugumizi na Lionel Logue, mtaalamu wa usemi kutoka Australia. Walianza kazi pamoja mwaka 1926, na ile hotuba ya tarehe 3 Septemba 1939 ya kutangaza vita bado ina vituo virefu ndani yake, unavisikia. Alikwenda kwenye kipaza sauti navyo. Miaka 13 ya kazi, na bado vipo.

Hali yangu sasa, mwaka na miezi 2 toka simu ya mdogo wangu: jina langu linakwama kama mara 3 kwa kila mara 10, na likikwama mara nyingi halizidi sekunde 3. Kwenye simu bado ni zaidi ya ana kwa ana. Nikiwa na uchovu wa kukosa usingizi inakuwa mbaya, hiyo haijabadilika. Maneno ninayokwepa kwa siku ni 2 au 3, kuna siku hamna. Nimewahi kusema "hapana" kikaoni ikachukua sekunde 5 na ikabaki hapana. Mama yangu mzazi nilimweleza yote, akalia, akaniambia angejua asingeniambia nitulie, nikamwambia hakuna aliyemwambia yeye. Siku hizi nikikwama ananitazama tu mpaka nimalize, na hilo ndo jambo kubwa ambalo mtu yeyote anaweza kumfanyia mwenye kigugumizi, usimmalizie, usimwambie apumue, msubiri.

Kilichobaki ni wale wenzangu 13 wa duara, na mwezeshaji wa 14. Orodha ya namba zao ninayo. Nimeamua kumpigia kila mmoja, simu, sio meseji, nimwambie jina langu la kweli na kwa nini siku ile nilitaja la mdogo wangu. Nimeshawapata 10. Mmoja hakunikumbuka kabisa. Mmoja akanyamaza halafu akaniambia mtoto wake wa miaka 6 anakwama vilevile, tukaongea karibu saa nzima. Yule dada wa cheti nilimkwamia kwenye B sekunde nyingi, pengine 6, hakukata, hakusema haloo, lilipotoka akalirudia taratibu kuhakikisha amelisikia, akasema ngoja nibadilishe hapa kwenye simu.

Wanne bado. Mwezeshaji ndo nimemweka wa mwisho, nampigia kesho saa 4 asubuhi.